Panya wa Kanada na Chai ya Bibi

Naomba nianzie jikoni kwetu Temeke, maana huko ndiko kisa hiki kilikonikuta.

Bibi yangu mzaa mama ana kisukari, huu ni mwaka wa kumi na nne. Ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga ukimnyima chai umemnyima hewa. Daktari alipomwambia aache sukari alinuna wiki nzima. Ndipo mjomba akamletea kikopo cha plastiki chenye vidonge vidogo mno, kila kimoja kama punje ya mtama. Unatia kimoja kwenye kikombe, unakoroga, chai tamu. Bibi akavipa jina: vijukuu. Eti vidogo lakini vina makeke.

Basi, Julai 2023 jirani akaja mbio na simu mkononi. Kulikuwa na sauti ya mtu asiyejulikana inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Inasema Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba sukari za maabara zinaleta saratani, zitupeni leo hii. Bibi hakuuliza mara mbili. Kikopo kikaenda chooni, bakuli la sukari likarudi mezani. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Nilipojaribu kufungua mdomo aliniambia, "Mume wangu," (bibi zetu hutuita hivyo kwa utani) "kama kufa, acha nife na kitu ninachokijua."

Miezi mitatu baadaye kipimo chake cha asubuhi kilisoma 19, na kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga.

Mimi si daktari. Nasoma historia, na mtu wa historia akikasirika hukimbilia karatasi. Karatasi ya kwanza niliiokota nyuma ya kabati: boksi tupu la vile vidonge. Limeandikwa sakarini. Nikaitafuta habari yenyewe ya Julai, nikakuta ilihusu aspatemu. Vitu viwili tofauti kabisa! Kesi ilikuwa ya Juma, aliyefungwa ni Hamisi. Nikajiuliza: huyu Hamisi ni nani hasa, na amewahi kushitakiwa kwa kosa gani? Kumbe bwana, amekuwa mahakamani zaidi ya miaka mia moja.

Sakarini ilizaliwa Marekani, katika mji wa Baltimore, mwaka 1879, na aliyeizalisha hakuwa anaitafuta. Constantin Fahlberg, mkemia mzaliwa wa Urusi, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Walikuwa wanachunguza kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi unaobaki makaa yakichomwa kutengeneza gesi. Jioni moja Fahlberg alichelewa kula, akaenda mezani bila kunawa vizuri. Akamega mkate, mtamu. Akafuta mdomo kwa kitambaa, kitambaa nacho kitamu kuliko mkate. Akaramba kidole gumba chake mwenyewe. Hapo akaacha chakula, akarudi maabara mbio, akaanza kuonja kila chombo kilichokuwa mezani mpaka akakipata kilichomfuata nyumbani. Laiti kimoja kingekuwa na sumu, tusingemjua. Ndani ya chombo hicho kulikuwa na unga mweupe ambao utamu wake unaizidi sukari mara 300 hivi, na ambao mwili hauugeuzi kuwa nguvu. Unaingia mdomoni na kutoka na mkojo ukiwa vile vile.

Fahlberg na Remsen walichapisha pamoja. Lakini Fahlberg alipokwenda kuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, jina la profesa hakulitaja. Akafungua kiwanda Ujerumani, karibu na Magdeburg, akatajirika. Remsen hakuwahi kumsamehe. Likumbuke jina la Remsen, litarudi.

Kitu kitamu kinachotoka kwenye lami na kuuzwa bei nafuu lazima kipate maadui. Ulaya adui wa kwanza hakuwa daktari, alikuwa mkulima. Ujerumani ilikuwa na viwanda vikubwa vya sukari ya viazisukari, na wenye viwanda hivyo hawakulala. Mwaka 1902 sheria ikapitishwa: sakarini iuzwe kwenye maduka ya dawa tu, kwa wagonjwa. Kilichofuata sisi wa miji ya mipakani tunakijua bila kuambiwa. Uswisi iliendelea kuitengeneza, na magendo yakashamiri. Watu walivuka mpaka na sakarini kama huku kwetu wengine wanavyovuka na vitenge. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, sukari ikaadimika, na serikali zile zile zilizoizuia zikairuhusu. Angalia vizuri, msomaji: unga ni ule ule, tumbo la binadamu ni lile lile. Kilichobadilika ni ghala la sukari.

Marekani vita vilipiganwa Ikulu. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, ndiye aliyepigania sheria ya mwaka 1906 ya chakula na dawa safi. Nchi ile wakati huo ilikuwa inauza maziwa yenye dawa ya kuhifadhia maiti, na Wiley alikuwa na kila sababu ya kuwa mkali. Siku moja akaitwa mbele ya Rais Theodore Roosevelt pamoja na wafanyabiashara. Mmoja wao, mbunge James Sherman wa New York, alieleza kwamba kampuni ya familia yake inaokoa dola 4000 kwa mwaka kwa kutia sakarini badala ya sukari kwenye mahindi ya makopo. Wiley akarukia: kila aliyekula mahindi yale ametapeliwa, anadhani anakula sukari kumbe anakula kitu cha lami, tena chenye madhara. Masikini, hakujua kwamba daktari wa Rais alikuwa anampa Rais sakarini kila siku. Roosevelt akawaka. Akasema anayedai sakarini ina madhara ni mpumbavu.

Hapa nilisimama, nikacheka peke yangu maktaba. Kwenye hoja ya Wiley kulikuwa na vitu viwili vilivyofungwa fundo moja. La kwanza, kwamba mnunuzi anadanganywa. Hilo lilikuwa kweli tupu. La pili, kwamba kitu kinadhuru. Hilo hakuwa na ushahidi wake wa kutosha. Na Roosevelt naye ushahidi wake ulikuwa nini? Mimi nakunywa, sijafa. Yaani mkemia mkuu na Rais wa nchi walibishana sawasawa na sisi tunavyobishana kijiweni.

Mwaka 1908 Rais akaunda jopo la wanasayansi kuamua ubishi huo na mengine. Mwenyekiti wake? Ira Remsen! Yule yule. Jopo likasema kiasi kidogo, chini ya theluthi moja ya gramu kwa siku, hakina madhara. Hata hivyo serikali iliiondoa sakarini kwenye vyakula vya kawaida mwaka 1912, kwa hoja kwamba inashusha ubora wa chakula, maana haina lishe. Wiley akajiuzulu mwaka huo huo, na vita ilipokuja na uhaba wa sukari, sakarini ikarudi.

Wengine nao walizaliwa kwa ajali. Mwaka 1937, Chuo Kikuu cha Illinois, mwanafunzi Michael Sveda alikuwa anatafuta dawa ya kushusha homa. Akaweka sigara yake mezani, alipoirudisha mdomoni ikawa tamu. Hiyo ni saiklameti. Desemba 1965 James Schlatter wa kampuni ya G.D. Searle alikuwa anatengeneza kitu cha kusaidia utafiti wa dawa ya vidonda vya tumbo. Akaramba kidole ili afunue karatasi, kidole kikawa kitamu. Hiyo ndiyo aspatemu. Na ya mwaka 1976 itawafurahisha waandishi wenzangu: London, Chuo cha Queen Elizabeth, Shashikant Phadnis aliambiwa aijaribu kemikali moja ya sukari iliyotiwa klorini. Kwa Kiingereza neno la kujaribu na neno la kuonja yanakaribiana sana sikioni. Akasikia la kuonja, akaonja. Ikapatikana sukralozi, tamu mara 600 kuliko sukari. Anayetuambia kosa la kusikia halina maana aende akamuulize Phadnis.

Sasa tufike kwa panya, maana panya ndiye shahidi mkuu wa kesi hii.

Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilitunga kifungu kinachoitwa kwa jina la mbunge James Delaney. Kinasema kiungio chochote cha chakula kikionekana kusababisha saratani kwa mtu au mnyama, kisihesabiwe salama. Hakisemi kwa kiasi gani. Mwaka 1969 panya 240 walilishwa mchanganyiko wa saiklameti na sakarini, na 8 wakaota uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Kiasi walichopewa kilikuwa kikubwa mno, mtu angehitaji kunywa soda makopo mamia kwa siku ili awafikie. Lakini sheria ni sheria. Oktoba mwaka huo saiklameti ikaanza kuondolewa sokoni Marekani. Mpaka leo haijaruhusiwa kule, na mpaka leo nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zinaitumia.

Mwaka 1977 zamu ya sakarini ikafika. Watafiti wa Kanada waliwalisha panya chakula ambacho asilimia 5 yake ilikuwa sakarini, wazazi na watoto wao. Panya madume wa kizazi cha pili wakapata saratani ya kibofu kuliko kawaida. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatangaza nia ya kupiga marufuku. Lo! Nchi ikawaka moto. Wakati huo sakarini ndiyo ilikuwa tamu pekee isiyo sukari iliyoruhusiwa kule. Wagonjwa wa kisukari waliandika barua, wanene waliandika barua, makampuni nayo yakalipia matangazo. Novemba 1977 Bunge likasimamisha marufuku, likaagiza utafiti zaidi na kila pakiti ibandikwe onyo kwamba kitu hiki kimesababisha saratani kwa wanyama wa maabara.

Onyo hilo lilikaa miaka 23. Likasomwa, likatafsiriwa, likasimuliwa, likavuka bahari. Panya wa Kanada alitembea kuliko Ibn Battuta.

Lakini kuna kazi iliyofanyika kimya kimya wakati onyo linatembea. Mwaka 1980 wanasayansi wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwauliza wagonjwa 3000 wa saratani ya kibofu, na watu wapatao 5800 wasio nayo, kuhusu matumizi yao ya vitu hivi. Kwa ujumla watumiaji hawakuonekana kuwa katika hatari zaidi ya wengine. Kisha wengine, akiwemo Samuel Cohen wa Chuo Kikuu cha Nebraska, waliuliza swali ambalo Wiley na Roosevelt hawakuliuliza: inatokeaje? Hawakuishia kwenye kama panya amepata uvimbe. Walifuata njia yenyewe, hatua kwa hatua, kutoka kwenye chakula mpaka kwenye uvimbe.

Jibu lilikuwa kwenye mkojo wa panya dume. Mkojo wake ni mzito, una protini nyingi na una madini ya kalsiamu na fosfeti. Ukimjaza sakarini ya sodiamu kupita kiasi, mkojo ule unaganda chembe kama mchanga. Mchanga unakwangua ukuta wa ndani wa kibofu. Ukuta unajijenga upya, unakwanguliwa, unajijenga tena, maisha yote ya panya. Katika kujijenga huko bila kupumzika ndipo uvimbe unapozaliwa. Mkojo wa binadamu hauko hivyo, mchanga ule hautokei. Kwa hiyo panya hakusema uongo. Alisema habari zake mwenyewe, sisi tukazisikia kama zetu.

Mwaka 2000 sakarini ikaondolewa kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, na mwishoni mwa mwaka huo sheria ikalifuta onyo. Sasa nikuulize, msomaji: wewe uliisikia habari hiyo? Panya tulimsikia. Mkojo wake nani alitusimulia?

Nisije nikaonekana wakili wa makampuni. Historia hii ina uchafu wake. Aspatemu ilikubaliwa mwaka 1974, ikasimamishwa baada ya mwanasayansi John Olney na mwanasheria James Turner kuweka pingamizi, na majaribio ya kampuni yenyewe yakatiliwa shaka. Ikakubaliwa tena mwaka 1981, na mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Donald Rumsfeld, mtu aliyetoka serikalini na ambaye baadaye alirudi serikalini. Watu wana haki ya kukunja uso. Na sukari, je? Mwaka 2016 zilifichuliwa nyaraka zinazoonyesha kwamba katika miaka ya 1960 taasisi ya wenye sukari Marekani iliwalipa wanasayansi wa Harvard waandike makala ya kupunguza lawama za sukari katika magonjwa ya moyo na kuzisukuma kwenye mafuta. Makala ikachapishwa mwaka 1967 katika jarida kubwa la tiba, na aliyelipa hakutajwa. Kwa hiyo bibi anaposema sukari ni kitu anachokijua, namwonea huruma. Sukari nayo ilikuwa na watu wa kuisemea.

Sasa Julai 2023 kilitangazwa nini hasa? Siku moja, vyombo viwili vilisema mambo mawili. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka aspatemu kwenye kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani, lakini ushahidi ni mdogo. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri. Kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula, ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, ikasema kiwango cha zamani hakibadiliki: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 mpaka 14 ya soda isiyo na sukari kukipita. Chombo cha kwanza kilijibu swali la kama kitu kinaweza kudhuru. Cha pili kilijibu swali la kiasi gani. Ile sauti ya WhatsApp ilichukua jibu la kwanza, ikalitupa la pili.

Tena miezi miwili kabla, Mei 2023, Shirika hilo hilo lilikuwa limeshauri tusitumie tamu hizi kama njia ya kupunguza unene, kwa kuwa hazijaonyesha faida ya kudumu na zinaweza kuandamana na madhara kwa wanaozitumia miaka mingi. Ushauri huo ulisema wazi hauwahusu wenye kisukari tayari. Mwaka 2022 watafiti wa Israeli waliwachunguza watu wazima 120 katika jaribio la tamu nne tofauti. Sakarini na sukralozi zilibadilisha namna miili ya baadhi yao inavyoipokea sukari, na vijidudu vya tumboni vilionekana kuhusika. Na Ufaransa, mwaka huo huo, utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 ulikuta waliotumia zaidi walipata saratani zaidi kidogo. Lakini aina hii ya utafiti ina mtego wake. Nani hukimbilia tamu isiyo sukari? Mara nyingi ni mtu ambaye tayari ni mnene, au ameshaambiwa na daktari. Ugonjwa na kidonge huingia nyumba moja, kisha tunabaki kuulizana nani kamleta mwenzake.

Kwa hiyo nilipotoka maktaba sikutoka na hukumu. Nilitoka na maswali matatu, nikampelekea bibi: kiasi gani, kwa nani, na badala ya nini? Hili la tatu ndilo liliniuma. Chai ya bibi bila kidonge haikubaki chai tupu, ilikuwa chai ya vijiko kumi na viwili vya sukari kwa siku.

Nilimsimulia yote, tangu mkate wa Fahlberg. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza sehemu ya mkojo aliinua kichwa: "Kwa hiyo panya ana mkojo wake, na mimi nina wangu."

"Ndiyo, bibi."

"Na hao wakubwa wamegombana miaka yote hiyo juu ya chai yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mngeniambia mapema."

Tulikwenda kliniki pamoja. Daktari alimwambia vidonge viwili vitatu kwa siku havina neno, ila ajizoeze taratibu chai ya tangawizi isiyo na chochote. Amekubali nusu: asubuhi kijukuu kimoja, jioni tangawizi tupu na kununa. Kipimo kimeshuka. Kidole hakikusubiri, kilikatwa Januari 2024. Siwezi kuapa kwamba ni ile sauti iliyokikata. Kisukari kina njia nyingi. Ila ile miezi mitatu ya sukari naijua, nilikuwepo nikimkorogea.

Baadaye niliirekodi habari hii kwa sauti, dakika nne, nikaituma kwenye kundi lile lile. Jirani alinijibu kwa kidole gumba. Hakuna aliyeisambaza. Ndiyo maana nimeiandika hapa.